Je, kampuni ya filamu inaweza kumiliki maneno ya Kiswahili?

Mwalimu wa Shangani

Ndugu zangu, assalamu alaykum, na wengine wote hamjambo.

Nafundisha Kiswahili kwa wageni hapa Mji Mkongwe, Unguja, na siku ya kwanza ya kila darasa jipya ina desturi yake: kabla hatujafika kwenye "hujambo" na "sijambo", mwanafunzi mmoja atanyoosha mkono kunijulisha kwamba sentensi moja tayari anaijua, na sentensi yenyewe ni "hakuna matata". Wengine huongeza simba, rafiki na pumbaa. Mwezi uliopita binti mmoja aliniuliza maana ya "Mufasa", nikamjibu kuwa si neno la Kiswahili ninalolijua, naye akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyetanabahi kwamba ada yake ya masomo imepotea bure.

Chanzo cha yote hayo mnakijua: ni filamu ya katuni ya The Lion King, iliyotolewa na kampuni ya Walt Disney mwaka 1994, ikafuatiwa na onyesho la jukwaani la Broadway mwaka 1997 na filamu mpya ya mwaka 2019. Sina ugomvi na wageni, kwa sababu kila mtu huanzia pale alipofikishwa. Linaloniumiza ni kwamba nikipita Forodhani jioni nawasikia mapapasi wetu, yaani vijana wanaowafuata watalii ili wawaongoze, vijana wa Ng'ambo ambao majumbani mwao husema "hamna shida" au "hapana tabu", wakiwalaki wageni kwa sentensi hiyo hiyo ya katuni, tena kwa lafudhi ya katuni.

Sasa limezuka na hili. Jirani yangu mwenye duka la fulana alipata oda ya fulana 200 za kupelekwa Marekani. Kazi ikiwa imekwisha kuanza, mteja alimpigia simu kumtaka ayaondoe maneno "hakuna matata" kifuani, akieleza kwamba maneno hayo ni mali ya Disney. Jirani alinijia na fulana moja mkononi, rangi haijakauka vizuri, akaniuliza: "Maalim, wewe ndiye mwenye lugha. Hebu niambie, imeuzwa lini?"

Naomba wenye ujuzi mnifahamishe mambo mawili. Je, kampuni ya burudani inaweza kweli kumiliki maneno ya lugha ambayo haikuyaunda? Na ikiwa kampuni moja ina nguvu ya kuwafanya hata wenye lugha waiseme kwa namna yake, tuilaumu hiyo kampuni au tujilaumu wenyewe?

Wakili Asiye na Joho

Maalim, mteja wa jirani yako hakuzusha, ila jambo lenyewe lina mipaka ambayo yeye hakuitaja.

Disney iliomba kusajili maneno "hakuna matata" nchini Marekani mwaka 1994, na usajili ukakamilika mwaka 2003, kwa ajili ya mavazi. Hiyo ni alama ya biashara, si hakimiliki, na tofauti ya vitu hivi viwili ndiyo kiini cha swali lako la kwanza. Mwenye hakimiliki humiliki kazi iliyobuniwa: wimbo, hadithi, mchoro. Mwenye alama ya biashara hulinda ishara inayomwambia mnunuzi kwamba bidhaa hii imetoka kwa fulani, na hulinda ishara hiyo katika aina ya bidhaa iliyosajiliwa na katika nchi iliyosajiliwa. Kampuni ya Apple haikulinunua tunda; ilichukua neno la kawaida la Kiingereza ikalibandika kwenye kompyuta, na wauza matunda wanaendelea na biashara yao. Kwa hiyo hakuna atakayekukamata kwa kusema "hakuna matata", wala kwa kuyaandika kitabuni, wala jirani yako hazuiwi na usajili wa Marekani kuziuza fulana zake Darajani. Lakini fulana zinazokwenda kuuzwa Marekani ndizo hasa zinazoguswa, kwa kuwa ni mavazi na ni Marekani. Mteja amefanya hadhari ya mfanyabiashara.

Mtauliza kwa nini hatukupinga. Mwezi Desemba 2018, filamu ya 2019 ilipokuwa inakaribia, mwanaharakati mmoja kutoka Zimbabwe (nchi ambayo Kiswahili si lugha yake, jambo ambalo lingetutia haya kidogo) alianzisha ombi mtandaoni la kuitaka kampuni iuachie usajili huo, na makumi ya maelfu ya watu wakatia sahihi. Ila kwa sheria ya Marekani, ombi la usajili likishatangazwa, anayetaka kulipinga hupewa siku 30, na usajili ukishapita miaka mitano, sababu nyingi za kuutengua hufa. Sisi tulipiga kelele miaka 15 baadaye.

Linganisheni na mwaka 2013, Disney hiyo hiyo ilipoomba kusajili "Día de los Muertos", yaani Siku ya Wafu ya Wamexico, kwa ajili ya filamu iliyokuwa ikiandaliwa. Wamarekani wenye asili ya Mexico walikuja juu mara moja, na kampuni ikaliondoa ombi lake ndani ya siku chache. Baadaye ilimwajiri mmoja wa wachoraji katuni waliokuwa wakiipinga awe mshauri wa filamu hiyo. Hata sisi tumewahi kuamka mapema: kampuni moja ya Uingereza ilipotaka kusajili neno "kikoy", Wakenya waliweka pingamizi kwa msaada wa marafiki zao wa huko huko Uingereza, na mwaka 2008 ombi likaanguka. Kikoi kilikuwa na hoja nyepesi, maana neno hilo ni jina la nguo yenyewe, na huwezi kujimilikisha jina la kitu unachokiuza. "Hakuna matata" haielezi fulana, ndiyo maana ilipenya.

Nguvu halisi ya kampuni hizi mimi naiona kwingine. Mwaka 1998 Bunge la Marekani liliongeza muda wa hakimiliki kwa miaka 20, baada ya kampuni za burudani, Disney ikiwemo, kuwashawishi wabunge kwa bidii. Mickey Mouse wa filamu ya 1928, ambaye angekuwa mali ya umma mwaka 2004, akasubiri hadi tarehe 1 Januari 2024. Panya ana watetezi wa kumwendea mbunge. Msemo wa watu hauna.

Mwambie jirani achape "Hamna shida". Hiyo bado iko huru.

Mzaliwa wa Kisauni

Shikamoo Maalim. Nimemsoma Wakili kwa makini, lakini naona mnaanza hadithi katikati.

Maneno "hakuna matata" hayakutoka Marekani. Mwaka 1982 bendi ya Them Mushrooms ya hapa Mombasa, iliyokuwa ikipiga katika mahoteli ya pwani, ilitoa wimbo Jambo Bwana uliotungwa na Teddy Kalanda Harrison, na maneno hayo yamo. Mwaka uliofuata kundi la Boney M likarekodi wimbo wao wenye maneno hayo hayo, na maneno yakafika Ulaya. Watengenezaji wa filamu walikuja Kenya mwaka 1991, wakazuru Hell's Gate karibu na Naivasha, na yasemekana waliyaokota maneno hayo kwa waongoza watalii. Filamu ilipotoka, wimbo wa hotelini ulikuwa na miaka 12.

Marehemu baba yangu alikuwa mhudumu wa mezani katika hoteli moja ya Bamburi. Akishafika nyumbani na kuvua lile koti jeupe lenye vifungo vya shaba, alikuwa akivua pamoja nalo Kiswahili chake cha kazini. Sikumsikia hata siku moja akimwambia mama "hakuna matata", wala hakuingia mlangoni kwa "jambo". Alipiga hodi na kuuliza mwashindaje. Kile cha hoteli kilikuwa na kazi yake: kilikuwa kifupi, hakina viambishi vya kumkwaza Mjerumani, na kilimwacha mgeni na furaha kwamba amezungumza. Sisi wenyewe tulikikata kwa kipimo cha mgeni, kama fundi anavyokata suti.

Ndiyo maana sikubali tuseme kwamba Disney ilitunyang'anya Kiswahili. Ilichukua kile tulichokiweka mlangoni kwa ajili ya wapita njia, ikakisambaza duniani kwa nguvu ambayo bendi ya Mombasa isingeipata, na sasa mgeni anatua uwanja wa ndege akikidai kama anavyodai chumba alicholipia. Papasi wa Forodhani anafanya alilofanya baba. Tofauti ni kwamba baba alikuwa na koti la kuvua.

Kalamu ya Bukavu

Nawasalimu kutoka Kivu. Naomba kidogo tu niwasahihishe wa pwani, kwa sababu mnalizungumzia neno "matata" kana kwamba ni la plastiki. Huku kwetu Kongo, matata ni neno la kila siku. Watu wakigombana sokoni, hayo ni matata. Mtoto akirudi na barua ya mwalimu, ameleta matata. Mama yangu hajawahi kuona katuni hata moja na hulitumia kutwa nzima.

Hilo nalo linaonyesha nguvu ya kampuni. Juzi nilimwandikia rafiki wa Dar es Salaam kwamba nyumbani kuna matata, naye akanijibu kwa picha ya nguruwe pori anayecheza ngoma. Baba yangu alikuwa amelazwa hospitali.

Fundi wa Sauti

Ndugu zangu, mimi huendesha studio ndogo ya kurekodi Dar es Salaam, kwa hiyo niwieni radhi nikiliacha neno na kushika mkataba. Maneno mawili kwenye fulana ni kidonda kidogo. Katika filamu hiyo hiyo kuna kidonda kikubwa zaidi ambacho hamjakigusa.

Solomon Linda alikuwa Mzulu kutoka Msinga aliyekwenda Johannesburg kutafuta riziki, akafanya kazi ya kufungasha sahani za santuri katika kampuni ya Gallo. Mwaka 1939 aliingia studio ya waajiri wake na kundi lake la Evening Birds, wakaimba wimbo aliouita Mbube, maana yake simba, na kuelekea mwisho akapandisha sauti juu kwa mlio ambao hakuwa ameupanga. Mlio huo ndio uliokuja kuzunguka dunia. Haki za wimbo aliziacha kwa shilingi 10. Santuri ilivuka bahari; Wamarekani waliosikia "uyimbube" wakaandika "wimoweh"; mwaka 1961 yakaongezwa maneno ya Kiingereza, ukawa The Lion Sleeps Tonight. Linda alifariki mwaka 1962 akiwa maskini, na kaburi lake likakaa miaka mingi bila jiwe la jina. Mwaka 1994 wimbo ukaingia kwenye katuni yenu.

Hapa Wakili atanisahihisha nikikosea. Sheria ya hakimiliki ya Kiingereza ya mwaka 1911, iliyotumika katika makoloni yote, ilikuwa na kifungu kwamba haki zilizouzwa na mtunzi zinarudi kwa warithi wake miaka 25 baada ya kifo chake. Kwa Linda, hiyo ilikuwa 1987. Mabinti zake wakaishi Soweto wakiwa wenye mali bila kujua. Walipopata mawakili na kufungua kesi dhidi ya Disney mwaka 2004, tatizo la kwanza lilikuwa kwamba mdaiwa hayupo Afrika Kusini. Basi mahakama ya Pretoria ikaamuru zishikiliwe alama za biashara za Disney zilizosajiliwa nchini humo, zaidi ya 200, akiwemo Mickey Mouse mwenyewe. Kile ambacho jirani wa Maalim amekatazwa nacho ndicho kilichowekwa rehani na mabinti wa Linda. Disney ilishikilia kwamba ilipata leseni kwa njia halali kutoka kwa wenye wimbo Marekani, na kweli, mwezi Februari 2006 makubaliano yalifikiwa na kampuni ya Abilene Music iliyokuwa ikiusimamia wimbo huo, nayo Disney ikaondoka kesini. Familia ikalipwa kwa matumizi ya nyuma na kuahidiwa sehemu ya mapato yaliyofuata.

Nimekaa na hadithi hii muda mrefu kwa sababu naiona upya kila baada ya miezi michache. Mwaka juzi kijana mmoja, sauti yake ya kukufanya usimamishe kazi, alikuja kunionyesha mkataba aliopewa na kampuni moja ya muziki ambayo sitaitaja. Ulikuwa na kurasa 14 za Kiingereza, naye alikuwa amekwisha kutia sahihi kila ukurasa, kwa mwandiko mzuri kabisa. Nilimuuliza ukurasa wa tisa unasema nini. Akasema jamaa aliyempa alikuwa na haraka. Ukurasa wa tisa ulisema kwamba chochote atakachotunga kwa miaka saba, katika vyombo vilivyopo na vitakavyobuniwa baadaye, si chake. Kampuni hiyo ni ya hapa hapa, na wenyewe wanazungumza Kiswahili kuliko mimi.

Kwa hiyo Maalim, tukiilaumu kampuni ya mbali kwa ukubwa wake (na ni kubwa kweli, mwaka 2019 ilitoa takriban dola bilioni 71 kuinunua sehemu kubwa ya 21st Century Fox), tusiisahau ile kalamu. Linda hakunyang'anywa na Disney. Alinyang'anywa mezani kwa mwajiri wake, na wakubwa waliofuata walinunua kitu ambacho tayari kilikuwa kimeibwa kwa stakabadhi.

Mama Wawili

Habari zenu, na poleni na kazi. Nawaandikia kutoka Leicester, ambako nalea watoto wawili ambao Kiswahili wanakipata kwangu na kwa simu ya bibi yao aliyeko Tanga.

Mdogo ana miaka sita. Siku moja nilimtambulisha jirani yetu kwa kumwambia "huyu ni rafiki yangu", akacheka mpaka akakaa chini, kwa sababu kwake Rafiki ni nyani mzee mwenye fimbo. Nilimweleza, akaelewa, lakini nikatambua kwamba neno lilimfikia kupitia kampuni kabla halijamfikia kupitia mama, na mimi ndiye niliyechelewa.

Jina linalonikera zaidi ni la yule fisi jike, Shenzi. Watoto hulitamka kwa furaha. Mimi nilipokuwa mdogo, babu yangu aliyefanya kazi katika mashamba ya mkonge alituambia kwamba hilo ndilo neno wasimamizi wa Kizungu walilowaita watu wazima, na ndani ya nyumba yake lilikatazwa kabisa. Naamini waliolichagua walifungua kamusi, wakaona linasikika vizuri. Hakuna aliyekuwapo chumbani wa kuwaambia babu angesema nini.

Hata hivyo nisiwe mnafiki. Mkubwa wangu alipoanza shule hapa, mwalimu aliuliza kila mtoto nyumbani wanazungumza lugha gani, na aliposema Kiswahili, darasa zima lilipiga kelele za shangwe na kuanza kumwimbia. Rafiki yake Mghana alipotaja Kitwi, palikuwa kimya. Mwanangu alirudi ameinua kichwa. Hiyo heshima alipewa na katuni, na sijui ningempa mimi kwa njia gani.

Nimalize na jambo moja ambalo halikusemwa sana. Mwaka 2023 Disney ilitoa mkusanyo wa filamu fupi 10 za katuni zilizotengenezwa na Waafrika wenyewe, Mganda na Mkenya wakiwemo, na jina lake ni la Kiswahili: Kizazi Moto. Nilifurahi, nikampigia dada yangu aangalie na wanawe. Huduma yenyewe ya kuziangalia mtandaoni, Disney+, ilikuwa imefunguliwa Afrika Kusini na nchi za kaskazini mwa bara. Kenya na Tanzania haikuwa imefika. Kwa hiyo jina tulilijua maana yake, filamu wakaziona wengine.

Mwalimu wa Shangani

Ahsanteni sana. Marahaba Mzaliwa wa Kisauni, na Mwenyezi Mungu amrehemu mzee. Kalamu ya Bukavu, nakuomba radhi. Darasani kwangu nilikuwa nikifundisha kwamba "matata" kwa maana hiyo hakuna anayelitumia, na kumbe nilikuwa nikisema Unguja nikidhani nasema Kiswahili chote. Mzee wako anaendeleaje?

Fundi, hadithi ya Linda nimeisoma mbele ya wanafunzi wangu jana, nikiitafsiri polepole. Yule binti wa "Mufasa" aliniuliza swali ambalo sikulitarajia: mabinti wa Linda walijuaje kumtafuta wakili? Nilimwambia kwamba walisubiri hadi dunia ikawajia, kwa maana mwaka 2000 mwandishi mmoja wa Afrika Kusini aliichimbua habari hiyo na kuichapisha Marekani. Akauliza tena: na wale ambao hawakuandikwa? Nikafunga kitabu.

Kuhusu koti, Mzaliwa wa Kisauni, nimelifikiria sana. Nilimuuliza papasi mmoja ninayemfahamu tangu mdogo kwa nini asimsalimie mgeni kwa "hujambo". Akanijibu bila kusita: "Maalim, nikisema hujambo anadhani nimekosea." 

Na jirani yangu alifuata ushauri wa Wakili, akachapa "Hamna shida" kwa herufi kubwa za kijani. Zile za Marekani zimeondoka. Alizozibakiza dukani, wageni huzigusa, huuliza maana yake, kisha huzirudisha kwenye henga. Wanunuzi wake mpaka sasa ni madereva wa daladala wa Amani na kijana mmoja aliyechukua tatu kwa ajili ya timu yake ya ndondo.